Malkia Mmoja wa Mzee Mburu

Habari za kifo cha Mzee Mburu zilinifikia nikiwa nachambua sukuma wiki. Ziliingia katika kile kikundi cha simu cha watu tuliowahi kufanya kazi Kitale, katikati ya salamu za Jumapili na picha ya mjukuu wa mtu, na kabla sijamaliza kuzisoma wenzangu walikuwa wameshaanza kuandika pole, mmoja baada ya mwingine, Mungu amlaze mahali pema. Mimi niliweka simu kifudifudi juu ya meza, nikamaliza kuchambua mboga yangu, nikaiosha mara tatu. Nina umri wa miaka arobaini na minane, naishi peke yangu Bungoma katika nyumba ya vyumba viwili, na nimezoea kupokea habari bila mtu wa kumwambia. Lakini siku hiyo nilitaka sana kumwambia mtu, na aliyekuwa na uwezo wa kunielewa ndiye huyo aliyekufa. Tulifahamiana mwaka mmoja tu, elfu mbili na nne. Katika mwaka huo nilishindwa mchezo mmoja na nikampoteza mtu mmoja, na kati ya hayo mawili, uchungu wa mchezo ndio uliopoa upesi.

Ya nyumbani kwetu nitayaacha, hayaingii hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na saba nilipohamishiwa Kitale kuwa karani wa masjala, yaani kile chumba cha kutunza faili, katika ofisi moja ya serikali. Nilipanga chumba mtaa wa Tuwan, katika ploti ya vyumba kumi na viwili vilivyotazamana, bomba moja la maji katikati. Chumbani nilikuwa na kitanda, stovu ya mafuta ya taa, ndoo mbili na kiti kimoja. Kiti nakikumbuka kwa sababu kilikuwa kimoja. Mwaka mzima hakuna mgeni aliyenifanya nitafute cha pili. Vyumba havikuwa na dari. Kuta ziliishia chini kidogo ya mabati, kwa hiyo mambo ya jirani yalikujia yote, harufu ya omena, redio, kikohozi cha mtoto. Upande wangu wa kulia waliishi Mama Sharon na mumewe, fundi wa baiskeli. Jioni wakati wa kula niliwasikia wakibishana, nani aliacha mlango wazi, mbona chumvi imezidi. Jioni moja walikuwa wamenuniana, kimya kabisa, kisha nikamsikia mume akisema, “Wewe ukinyamaza hivi mimi nasikianga baridi.” Mama Sharon akaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimekaa upande wangu wa ukuta, sahani juu ya mapaja, nikaacha kutafuna wasije wakanisikia. Niliona wivu, nasema wazi. Si wivu wa mume wake, maskini, yule mtu alikuwa na meno manne ya mbele yaliyogombana. Wivu wa kuwa na mtu wa kubishana naye kuhusu chumvi.

Mzee Mburu ndiye aliyekuwa mkuu wa masjala. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkimya, wa zile familia zilizotoka Mkoa wa Kati zamani zikapata mashamba Trans-Nzoia. Mkewe alikuwa amefariki miaka kumi nyuma. Alivaa sweta ile ile ya kijivu, jua liwe linawaka au ukungu wa Kitale uwe umeingia hadi ndani ya ofisi. Wiki tatu za kwanza aliniambia maneno ya kazi tu, faili hii iende kule, ile irudi kabatini. Ikifika saa saba wengine wote walikwenda kula hoteli iliyokuwa karibu na soko, nami nikabaki na viazi vitamu vyangu kwenye karatasi, kwa kuwa hakuna aliyeniambia twende. Yeye pia alibaki. Alifunga kidirisha cha kupokelea faili, akatoa sanduku kwenye droo ya chini, akapanga mfalme, malkia, farasi na wenzao juu ya ubao, akacheza peke yake. Kila baada ya hatua moja aliugeuza ubao ili awe mtu wa pili. Nilimtazama siku nne. Siku ya tano, bila kuinua kichwa, alisema, “Huyu mwingine amechelewa leo. Kaa mahali pake.” Nikakaa.

Ilikuwa ni sataranji, ingawa pale ofisini kila mtu aliiita chesi. Mimi nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Alinifundisha polepole, kila siku jambo moja, kama alivyonifundisha mahali pa kila faili. Ubao wake ulikuwa wa mbao, umekwaruzika, na malkia mweupe hakuwepo. Mahali pake Mzee Mburu alikuwa ameweka mpini wa muhuri wa zamani wa ofisi, mpira wake wa chini umebanduliwa, mti umelainishwa na viganja vya makarani wa miaka mingi. Nilimzoea malkia yule hata nikiona wa kweli namwona mrembo wa bure. Sasa, mbele ya kila jeshi kuna askari wanane wadogo ambao huenda mbele tu, na yeyote kati yao anayefika mwisho wa ubao, upande wa adui, hupandishwa cheo. Siku askari wangu wa kwanza alipofika huko nikauliza atakuwa nani. Mzee Mburu aliuangalia ubao, akaona ule mpini wa muhuri bado umesimama.

“Malkia ako hai,” akasema. “Basi huyu atachukua kitu kimekufa. Farasi ama askofu, chagua. Huyu mfalme ni mtu wa kanisa, bibi ni mmoja. Huyu akikufa ndio mwingine anaweza ingia.”

Nilicheka. Nilimwambia kwamba sisi watu wa Bungoma hatuhitaji kufundishwa shida za nyumba yenye majiko mawili, naye akatabasamu, mara ya kwanza tangu nifike. Nikachukua farasi. Sikuuliza zaidi, kwa nini niulize? Ilikuwa sheria yenye maana, nimeipata kwa mtu ambaye hajawahi kukosea namba ya faili, nikaihifadhi kichwani pamoja na zile nyingine.

Kuanzia hapo tulicheza kila siku ya kazi, saa saba hadi saa nane. Yeye alileta githeri, mahindi na maharagwe, aliyoipika mwenyewe alfajiri, kwenye hotpoti ya kijani ambayo maua yake yalikuwa yamefutika kwa kuoshwa. Alinipakulia kwenye kifuniko, yeye akala kwenye chombo chenyewe, na viazi vyangu vikawa katikati, kila mtu anamega. Alitia githeri yake pilipili kidogo na majani ya kitunguu, na mpaka leo sijaila tena iliyopikwa hivyo. Hatukuzungumza sana. Lakini katika mji ule wote yeye peke yake hakuwahi kuniuliza kwa nini sijaolewa, na mimi sikuwahi kumuuliza kwa nini hajaoa tena. Wengine walituulizia. Mchana mmoja makarani wawili wa kike, wakirudi kutoka hotelini, walisimama nje ya dirisha letu bila kujua liko wazi kidogo. Mmoja alisema huyo mzee si angetafuta mtu bana, shamba yote hiyo na anakula peke yake. Mwenzake akajibu kwamba ati siku hizi anafundisha Nekesa chesi, labda hiyo ndio posa. Wakacheka wakaenda zao. Uso ulinichoma. Mzee Mburu alisogeza farasi wake, akamweka sawasawa katikati ya mraba kwa ncha ya kidole, akasema, “Zamu yako.” Wanyonyi, dereva, ndiye pekee aliyetutania machoni petu. Alikuwa akipitisha kichwa mlangoni na kusema tunakaa kama watu wanaombea mgonjwa. Alikuja pia kutafuta faili zake, au fairi, kama tunavyotamka sisi kwetu, na akizikosa alilaumu chesi.

Katikati ya mwaka ikaja barua. Barua zote zilifunguliwa na Mzee Mburu, zikapigwa muhuri na kupewa namba, na hii nayo alifanya hivyo kabla ya kuileta mezani kwangu. Ilisema kwamba mashindano ya kitaifa ya watumishi wa serikali mwaka huo yangefanyika Bungoma, na kila wilaya ilete wachezaji wa chesi, wanaume na wanawake. Chini yake alikuwa ameshaandika jina langu kwa penseli. Nilimuuliza kwa nini na yeye asiende, akasema, “Mimi mchezo wangu ni wa nyumbani.” Kisha akanieleza kile ambacho barua haikusema: yule mwanamke atakayeshinda huchukuliwa katika timu ya taifa, na watu wa timu huhamishiwa Nairobi, kwa sababu huko kuna ukumbi ambapo wanafanya mazoezi kila jioni. Maneno hayo, kila jioni, nilikwenda nayo Tuwan. Nililala kitandani nikaupanga ukumbi ule mwenyewe, meza nyingi, viti viwili kila meza, chai, na watu wanaoinua kichwa mtu akiingia kwa sababu walikuwa wakimngoja. Sikutaka kikombe wala picha gazetini. Nilitaka kutoka katika chumba kile chenye kiti kimoja, na hiyo barua ndiyo ilikuwa njia pekee niliyowahi kuonyeshwa.

Tulifanya mazoezi miezi miwili. Alianza kunishinda kwa shida, kisha nikaanza kumshinda mimi, na siku ya kwanza nilipomshinda alinyanyuka akanipa mkono rasmi, kama ninapokea cheti. Wanyonyi ndiye aliyetupeleka, mimi na vijana wa mpira wa wavu, katika gari la ofisi. Tulisimama Kamukuywa kununua ndizi, wale vijana wakaimba njia nzima, mimi nikarudia hatua kichwani. Mzee Mburu alikuwa amebaki na masjala. Aliahidi kuja Jumamosi, siku ya mwisho.

Mashindano yalikuwa katika ukumbi wa kulia chakula wa chuo kimoja, meza ndefu zimefunikwa karatasi za kaki, harufu ya kabeji ya jana bado iko kwenye kuta, na upepo ukigeuka inaingia harufu tamu ya kiwanda cha sukari. Tulilala bweni moja, wanawake kumi na wawili, vitanda vya ghorofa. Wengi walikuwa wanajuana kutoka miaka mingine. Walisukana nywele, wakaitana majina ya utani, wakagawana mafuta ya kupaka. Walinikaribisha vizuri, sina lawama, ila sikujua mahali pa kuingilia katika mazungumzo yao, nikawa mtu wa kushika kioo. Mezani ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Mchezo wa kwanza karibu unishinde kwa ajili ya saa. Sikuwahi kucheza na saa. Ile ya chesi ina nyuso mbili, na ukimaliza kusogeza unabonyeza upande wako ili muda wa mwenzio uanze kuhesabiwa. Mimi nilisogeza nikakunja mikono kwa adabu, huku muda ninaotumia ni wangu, mpaka mpinzani wangu, karani kutoka Kapsokwony, akanionea huruma na kuionyesha kwa kidevu. Nilimshinda hata hivyo. Nikawashinda watatu wengine. Ijumaa jioni tulikuwa tumebaki wawili ambao hatujashindwa, mimi na Atieno, nesi kutoka Kisumu, mama mcheshi mwenye miwani mikubwa, na mchezo wetu wa Jumamosi asubuhi ndio ulikuwa wa kuamua nani anakwenda Nairobi.

Nilipoingia ukumbini Jumamosi, Mzee Mburu alikuwa ameshafika. Alikuwa amevaa koti la suti juu ya sweta ya kijivu, amesimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji wengine, hotpoti ya kijani ndani ya mfuko wa nailoni mkononi. Hatukusalimiana, ukumbi ulikuwa umenyamazishwa, lakini niliinamisha kichwa na yeye akainamisha chake. Nilicheza vizuri siku ile. Sijawahi kucheza hivyo tena. Kufikia saa ya pili nilikuwa na askari mmoja aliyetembea peke yake upande wa kushoto mpaka akabakiza hatua moja tu kufika mwisho wa ubao, na Atieno hakuwa na mtu wa kumzuia. Alijua. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Ngome zangu zote mbili zilikuwa hai. Malkia wangu alikuwa hai, mrembo, wa plastiki. Waliokufa kwangu walikuwa farasi mmoja, askofu mmoja, na askari. Nikawaza, nikimsukuma askari sasa nitapata farasi, na farasi hatatosha kumaliza kazi. Ninahitaji malkia. Na ili askari wangu awe malkia, yule aliye hai lazima afe kwanza.

Leo naweza kuandika sentensi hiyo na kuona ujinga wake. Siku ile ilikuwa sahihi kama hesabu ya darasa la pili. Malkia wake alikuwa mahali ambapo wangu angeweza kumfikia. Nikaona nikimla, Atieno atamla wangu kwa askari wake, na baada ya hapo nasukuma, napata malkia mpya, yeye hana. Nilikaa dakika kumi na tano nikilitazama jambo hilo. Kabla ya kugusa kitu niliinua macho upande wa kamba. Mzee Mburu alikuwa ameliona. Nilijua kwa sababu alinitikisia kichwa, kidogo sana, kukubali. Nikamla malkia wa Atieno kwa wangu, nikabonyeza saa.

Atieno aliganda. Alinitazama mimi, si ubao, kama mtu anayetafuta mtego. Kisha akamla malkia wangu, lakini si kwa askari kama nilivyohesabu. Alimla kwa ngome, na ngome ile ikatua ikikodolea mlango ambao askari wangu alipaswa kuingilia. Nikamsukuma, akaliwa. Baada ya hapo mchezo ulikuwa mrefu na mbaya na mwisho wake ulijulikana. Nilipoulaza mfalme wangu chini kukubali nimeshindwa, Atieno alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

“Dada, hebu niambie,” akasema kwa sauti ya chini. “Mbona ulibadilishana malkia? Si ungesukuma tu uchukue wa pili?”

Nikamuuliza wa pili gani. Mwamuzi alikuwa amesimama hapo akikusanya karatasi zetu, akadhani natania. “Malkia wa pili, madam. Hata wa tatu. Hata tisa ukiweza.” Watu waliokuwa karibu wakacheka, si kwa ubaya, wakacheka kama watu wanavyocheka wakiwa wamechoka na mchezo umekwisha. Nikacheka nao. Bado nakisikia kicheko changu kile, kilikuwa cha juu kuliko vyote.

Mzee Mburu alikuwa nje, kwenye benchi kando ya ukuta wa jikoni. Alikuwa ameshafungua hotpoti, mvuke unatoka, kifuniko amekiweka upande wangu na kijiko juu yake. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Sikukaa.

“Mzee, umenifundisha uongo,” nikamwambia. “Mwaka mzima. Nimechekwa na Kenya yote kwa ajili ya sheria ambayo haiko popote.”

Alikaa na kijiko chake hewani. Alifikiri kwa muda mrefu, kama alivyofikiri kabla ya hatua yoyote, nami hasira ikazidi kwa ule utaratibu wake. Mwisho akasema, “Kwa nyumba yangu ilikuwa hivyo.”

“Hapa si nyumba yako.”

Akasema ni kweli. Akafunga hotpoti, akaisukuma kidogo upande wangu wa benchi, akasema nitakula njaa ikinishika. Kisha akaenda, akatoka lango la chuo na koti lake la suti, mtu aliyesafiri kutoka Kitale asubuhi ile kuja kunitazama kwa saa chache. Nilibeba ile githeri hadi nyuma ya jikoni nikaimwaga kwenye pipa la taka. Ilikuwa bado moto. Katika mambo niliyowahi kufanya yako mabaya zaidi, watu wengine wanaweza kuyataja, lakini hilo ndilo linaloniamsha.

Jumatatu niliirudisha hotpoti mezani kwake, imeoshwa. Akasema asante. Ilipofika saa saba niliwafuata wale makarani wa kike hotelini. Safari hii waliniita, walitaka kusikia habari za Bungoma. Niliwasimulia yote, nikaigiza hata sauti ya mwamuzi, na kila mtu mezani akacheka mpaka chai ikamwagika. Nilijipatia watu wa kula nao kwa kumuuza Mzee Mburu. Niliporudi saa nane ubao ulikuwa umepangwa, kiti changu kimevutwa nje kidogo, na hakuna kipande kilichosogezwa. Ilikuwa hivyo wiki nzima. Wiki iliyofuata nilipopita mlangoni nilimwona ameanza tena kuugeuza ubao mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba uhamisho, na kwa kuwa barua zote hupita masjala, ni yeye aliyeipiga muhuri na kuipa namba. Mwezi wa kumi na moja nikapelekwa Bungoma. Siku ya kuondoka alitia sahihi karatasi zangu za makabidhiano, akasema faili zangu ziko sawa. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na miaka ishirini nimeishi mwendo wa asubuhi moja tu kutoka kwake.

Nilikwenda kumzika. Shamba lao liko nje ya Kitale, mahindi hadi ukutani mwa nyumba, na watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia kwa mtu mkimya vile. Nilikaa nyuma kabisa ya hema. Baada ya mazishi, wakati wa kunawa mikono, mwanamke wa rika langu, mrefu kama yeye, alisimama mbele yangu akaniuliza kama mimi ndiye Nekesa wa chesi. Alikuwa Nyambura, bintiye. Hakungoja jibu. Alinishika mkono akanipitisha katikati ya wazee na wageni wa heshima hadi sebuleni, akanikalisha, akaniletea githeri ndani ya hotpoti ya kijani, ile ile, haina hata ua moja sasa. Nilikula yote. Haikuwa na pilipili. Wageni walipopungua alileta sanduku, akalifungua, na mpini wa muhuri ukabingirika mezani, nikashindwa kujizuia, nikalia mbele ya mtu nisiyemjua.

Nilipotulia nilimwambia nilichomfanyia baba yake Bungoma, pamoja na pipa la taka. Nyambura alisikiliza huku akipanga vipande. Akasema, “Hiyo sheria haikuwa ya baba. Ilikuwa ya mama.” Akanieleza kwamba baba yake ndiye aliyemfundisha mama yake kucheza, walipooana, na siku ya kwanza alipoleta malkia wa pili mama alipangusa ubao wote chini. “Akasema kwa hii nyumba, yeye akiwa hai, hakuna mwingine. Tangu hapo sisi wote tulichezanga hivyo. Mimi nilijua vile watu wengine wanacheza nikiwa sekondari.”

Nikamuuliza kama baba yake alijua. “Alijua. Lakini mama alikuwa amekufa siku mingi, na yeye bado anacheza naye kwa huo ubao. Nadhani alisahau kwamba ni sheria ya mtu. Siku ile alirudi kutoka Bungoma akaniambia, nimeharibia mtoto wa watu. Nikamwambia si umweleze. Akasema, nitaanzia wapi, niende kwa ofisi niambie msichana mambo ya bibi yangu?”

Basi ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimeketi mwaka mzima mahali pa marehemu mkewe, nikila chakula chake na kushika sheria yake, na hakuna aliyeniambia, labda kwa sababu hata aliyenikalisha pale hakuwa amelitambua jambo hilo. Nilipomwambia hapa si nyumba yako, nilimwambia kweli kabisa. Ninaporudi kwangu na kufungua mlango, na kuanza kwa kuwasha redio ili kuwe na sauti, naelewa vizuri kwa nini mtu anaweza kuugeuza ubao.

Nyambura aliuliza kama ningependa kucheza kidogo kabla gari langu halijaondoka. Akanipa vyeupe, pamoja na ule mpini. Tulicheza haraka, chai inapoa, nje wanawake wanaosha sufuria na kubishana ni ya nani. Yeye anacheza vizuri kunishinda, lakini alikuwa amechoka, na mwisho askari wangu mmoja akapenya upande wa kushoto, akafika. Mpini wa muhuri ulikuwa bado umesimama. Nyambura aliangalia mezani, akachukua kifuniko cha bakuli la sukari, akakisogeza kwangu.

“Chukua hii, dada,” akasema. “Iwe malkia wa pili. Ulicheleweshewa.”

Nilikishika kifuniko kile. Kingenipa ushindi kwa hatua tatu, nilikuwa nimeshazihesabu. Kando ya kikombe changu walikuwa wamelala waliokufa, na kati yao farasi mweupe aliyevunjika sikio, yule yule wa masjala. Nikamrudishia Nyambura kifuniko chake, nikamchukua farasi, nikamweka sawasawa katikati ya mraba kwa ncha ya kidole.

“Malkia ako hai,” nikamwambia. “Zamu yako.”